Maji ya Udhu

Ile mimea nilianza kuiua kwa kutojua. Baadaye nikaiua kwa makusudi, na hilo la pili ndilo lililonifikisha pabaya.

Tusiende mbio. Mimi Jaha binti Seleman nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilikuwa sijavuka kizingiti cha nyumba yetu tangu posa ya Rajabu wa Kilimatinde ilipojibiwa. Rajabu alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, mgane, ndevu zimeanza mvi, mtu wa sala tano. Hakuwa na ubaya wowote ninaoweza kuusema mbele ya watu. Sikumtaka tu, na kutomtaka kwangu hakukuwa sababu katika nyumba ile. Ndoa ilipangwa Mfungo Mosi, baada ya Idi, na kwetu mwali aliyekwisha poswa haonekani barabarani.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa bapa la udongo, vyumba vimezunguka ua pande zote nne, na mlango wa kutokea mmoja. Ukisimama uani huoni Dodoma. Unaona mbingu, basi. Gari la moshi lilikuwa na miaka miwili tu tangu lianze kufika, na mchana likipiga kelele stesheni nilikuwa nasikia watu wakikimbia kwenda kulitazama, mimi nimekaa na ungo mapajani nachagua mawe kwenye uwele. Niliweza kukaa siku nzima nisiseme na mtu ila bibi yangu, Bi Mgeni, mama yake baba, ambaye alikuwa anasikia vizuri sana pale tu alipotaka kusikia.

Ndipo ikaja mimea.

Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka nyikani akichimba mimea ya miiba na ile ya majani manene, ili aipeleke kwao. Watu walimwita Bwana Miiba. Alitaka mahali pa kuiweka akiwa safarini, na shida ya Dodoma ni mbuzi. Mbuzi wa Dodoma hula hata kamba ya kitanda. Baba alikuwa hafugi, hapendi harufu yao, na ua wetu ulikuwa na kuta. Akaombwa, akakubali. Yakaletwa madebe kumi na mawili ya mafuta ya taa, yamekatwa mdomo na kujazwa udongo: mishubiri yenye madoa, minyaa isiyo na jani hata moja, na kimti kimoja kifupi chenye tumbo kama mama wa miezi minane, kimebeba maua mekundu kichwani.

"Kijana wa Bwana atakuja kila Alhamisi kuitazama," baba alisema. "Mama, wewe utakaa naye uani. Jaha atakuwa ndani."

"Mimi macho yangu unayajua," bibi akasema. "Nitamwona huyo kijana au nitamwona mnyaa?"

"Utakaa naye hivyo hivyo, mama."

Kijana mwenyewe alikuwa Nikodemo, Mgogo wa Makutupora, amesomeshwa kwa wamisionari, mrefu, mpole wa kusema. Alhamisi mbili za kwanza nilimsikia tu. Ya tatu nikamsikia akinyamaza ghafla.

"Bibi," akasema, "nani anaimwagia hii maji?"

"Nani amwage maji?" bibi akajibu. "Sisi wenyewe maji yanatoka kisima cha mchangani, yanakuja kwa kichwa cha mtu. Humu hakuna wa kumwaga maji."

"Lakini inaoza. Tazama, nikilibonyeza jani linatoka kama uji."

Sikuweza kuvumilia. Kazi ilikuwa yangu, nilikuwa naipenda, na huyu mtu anaisema vibaya. Nikajifunika kanga mpaka machoni nikasimama mlangoni.

"Ni maji ya udhu tu," nikasema.

Akageuka. Aliniona macho, na mimi nikamwona mzima. Nikaangalia chini, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Udhu ni nini, binti Seleman?"

"Tunapotawadha kabla ya sala. Maji yale hatuyaachi yakakanyagwa njiani, ni vibaya. Tunayakinga kwenye karai, kisha naipa mimea."

"Kwa siku mara ngapi?"

"Sala ni tano."

"Na wanaosali humu ni wangapi?"

"Watatu."

Akahesabu kwa vidole, akafika kumi na tano, akacheka. Hakunicheka mimi, alikicheka kile kisa chenyewe, na bibi akaanza, na mimi nikajikuta nacheka ndani ya kanga. Kicheko cha mwanaume kilikuwa hakijasikika katika ua ule kwa miezi.

"Kwetu Makutupora," akasema, "huu mshubiri unakaa juu ya jiwe. Tangu mvua za masika haujapata tone, na ukienda leo utaukuta umenona. Akiba yake iko ndani ya majani. Ukiendelea kuupa wakati umeshiba, unaoza kuanzia chini, na wewe huku juu unauona mzuri tu, mpaka siku unaanguka."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Kwa sehemu kubwa, usifanye kitu."

"Hiyo nayo ni kazi?"

"Ndiyo kazi ngumu kuliko zote," akasema.

Siku ile alinifundisha. Alitoboa madebe chini kwa msumari, maji yapate pa kutokea. Aliupunguza udongo wa mfinyanzi akachanganya mchanga wa korongoni na kokoto. Akaniambia nichome kidole mpaka kiungo cha pili, nikikuta unyevu niache, nikikuta pakavu ningoje siku tatu zaidi ndipo nimwage kidogo, pembeni, si juu ya majani. Kwa ule uliooza alichukua kisu akakata mpaka akafika kwenye nyama nyeupe safi, akapaka jeraha majivu ya jikoni, akakilaza kipande kivulini juu ya kigae kikavu.

"Hukipandi?" nikauliza.

"Jeraha bichi ukilizika, linaoza. Lazima likauke kwanza. Wiki, wiki mbili. Kipande cha shubiri kinaweza kukaa miezi bila udongo na bila maji, na kinaishi."

"Na maji yangu ya udhu yaende wapi?" bibi akadakia. "Mnataka niyakanyage?"

"Upe ule mpapai wa pembeni, bibi. Mpapai haushibi."

Tangu hapo baba hakubadili neno lake, ila Alhamisi ikifika bibi alikuwa na macho mabovu kuliko siku nyingine zote. "Jaha, njoo umwoneshe kijana lile debe. Mimi nitamwonesha ukuta." Halafu angekaa kwenye mkeka akasinzia, au tuseme akafumba macho. Kanga yangu ilianza kushuka, kwanza mpaka puani, kisha mpaka kidevuni.

Yeye aliniletea nje. Sina njia nyingine ya kulisema. Aliniambia mawe ya Miyuji yanavyokuwa ya moto adhuhuri hata mjusi anainua miguu kwa zamu. Aliniambia mama yake anavyomcheka kwamba amesoma vitabu vyote hivyo akaishia kuchunga minyaa. Alinionya utomvu wa mnyaa, kwamba ukiingia jichoni ni balaa, na siku moja uliponirukia mkononi alikamata kiganja changu akakifuta kwa kitambaa chake, polepole, kidole baada ya kidole. Nililala na kiganja kile nimekiweka shavuni. Nilimpenda, na nalisema wazi kwa kuwa hakuna aliyenilazimisha.

Bibi hakuwa mjinga. "Mke mwenzangu," aliniambia siku moja akisuka ukili, "mapenzi ni kikohozi. Kohoa chini chini. Baba yako yuko barazani."

Mimea ikapona. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ilipona kweli. Ule wenye tumbo ukatoa maua mapya, mishubiri ikasimama, vipande vilivyokatwa vikatoa mizizi. Na Alhamisi moja, mwanzoni mwa Shaabani, Nikodemo alikuja uso umemshuka.

"Bwana Miiba anarudi wiki ijayo," akasema. "Iliyopona yote inakwenda pwani kwa gari la moshi, na mimi naambiwa niende nayo."

"Kwa muda gani?"

"Sijaambiwa."

"Na isiyopona?"

"Isiyopona itabaki mpaka ipone," akasema, akijibu kama mtu anayejibu lolote.

Neno hilo liliniingia likakaa. Isiyopona itabaki. Ikibaki mimea, Alhamisi inabaki. Ukinifungia mahali penye mlango mmoja, usinishangae nikianza kuchimba ukuta.

Ijumaa alfajiri bibi alipomaliza kutawadha nilichukua karai. Sikulipeleka kwenye mpapai. Nilikwenda kwenye debe la kimti chenye tumbo, nikamimina. Adhuhuri nikamimina. Nikaziba matundu ya chini kwa udongo wa mfinyanzi, maji yasitoke. Nikachagua na mishubiri mitatu, mizuri kuliko yote. Siku sita nilifanya vile, sala tano kila siku, na mara nyingine nilikuwa nalia, kwa maana nilikuwa najua ninachofanya na mkono ulikuwa ule ule uliofundishwa kuiponya. Niliiambia, nisameheni, nataka Alhamisi moja zaidi.

Alhamisi ikaja. Alipiga hodi, akamsalimu bibi shikamoo, akaja moja kwa moja kwenye kimti chenye tumbo. Akakishika. Kikamlalia mkononi.

Akachuchumaa, akapapasa chini ya debe, akakuta udongo niliozibia matundu. Akatoka hapo akaenda kwenye mishubiri, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akasimama akanitazama.

"Nani ameimwagia?"

"Bibi alisahau," nikasema.

Bibi alikuwa amefumba macho kwenye mkeka wake, na hakuyafumbua.

"Jaha."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. Nilikuwa nimelingoja jina langu kinywani mwake kwa wiki nyingi, na sasa nilitamani asingelitamka.

"Ulisema isiyopona itabaki," nikasema.

Akaelewa. Nilimwona akielewa. Hasira ilimpanda, na kitu kingine kikaja nyuma yake kikaishika.

"Ungeniuliza," akasema taratibu. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Kwamba usiende? Ungekataa kwenda?"

"Ningekujibu."

"Majibu hayafungui mlango, Nikodemo. Wewe unaingia hapa na kutoka. Ukitoka unaona Miyuji, unaona Ipagala, unaona watu. Mimi ukitoka naona madebe. Nilitaka uje tena, basi. Sikufikiria zaidi ya hapo."

"Bwana ameiandika yote kumi na miwili. Amechora mpaka maua yake. Kile chenye tumbo alikitafuta miaka miwili."

"Atakasirika. Ataacha kukasirika."

Alitaka kunyamaza. Nilimwona akitaka. Bibi ndiye aliyesema, macho bado amefumba.

"Mwambie, kijana. Amezoea kufichwa mambo, hili asifichwe."

"Kitu cha Bwana kikiharibika mkononi mwa mtu wake," Nikodemo akasema, "ni hamsa ishirini."

Viboko ishirini na vitano. Kila mtu Dodoma alilijua neno hilo, hata mimi wa ndani. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Nilikuwa nimefikiria kila kitu siku zile sita isipokuwa mgongo wake.

"Lete kisu," akasema. "Na majivu. Haraka."

Tukakaa pamoja tukakata. Yeye anakata, mimi napaka majivu. Mshubiri wa kwanza tulipata kipande kizima. Wa pili ulikuwa umekwisha wote. Wa tatu tukaokoa kipande kidogo, urefu wa kidole. Kimti chenye tumbo alikipasua, ndani kilikuwa maji matupu ya kahawia, yananuka. Mikono yetu ilikuwa inagusana na hakuna aliyeiondoa, wala hakukuwa na raha yoyote ndani yake.

Baba akaingia.

Hatukusikia mlango. Tulisikia sauti. "Bwana Miiba ameshuka na gari la leo, yuko stesheni. Anataka vitu vyake alasiri hii." Kisha akaona kisu, akaona majivu, akaona kanga yangu ilikoangukia, mabegani. Akatazama mimea iliyokatwakatwa. Baba alikuwa mtu asiyepandisha sauti, na hakuipandisha.

"Nani amefanya hivi?"

Nikodemo akasimama. "Mimi, mzee. Nilitoa maagizo mabaya. Kosa ni langu."

Mkono wa bibi ukanishika kifundo cha mguu, ukakaza. Nilijua maana yake. Nyamaza. Nikinyamaza, nimenusurika: baba atamfukuza kijana mzembe, mimi nitarudi ndani, na heshima ya nyumba haijatoka hata tone. Nikodemo mwenyewe alikuwa ananitikisia kichwa kwa siri nisiseme. Wote wawili walinipenda, na wote wawili walikuwa wananifunga mdomo.

"Si yeye, baba," nikasema. "Ni mimi."

"Hukujua," baba akasema. Alinipa nafasi, na namshukuru kwa hilo mpaka leo. "Mwanamke haijui kazi hii. Ulikosea tu."

"Nilijua. Alinifundisha vizuri, niliijua. Nilimwaga kwa makusudi."

"Kwa nini?"

"Ingepona angeondoka."

Baba akalitazama debe la kimti chenye tumbo. Maji yakimwagika hayazoleki, na yangu yalikuwa yamemwagika mbele ya macho yake.

"Mtoto wa mtu hachapwi kwa kosa la nyumba yangu," akasema mwishoni, akimwambia Nikodemo bila kumtazama. "Nitakwenda kwa Bwana mwenyewe. Nitamwambia wanawake wangu waliimwagia maji, na wewe uliwakataza. Nimekaa naye vizuri, atanisikia. Wewe toa vitu vyenu vyote sasa hivi, hata vilivyokufa, uvipange nje. Baada ya hapo huingii tena hapa."

"Mzee Seleman, naomba neno moja."

"Huna neno na mimi. Wewe ni Mkristo na kijana wa kazi, na huyu ni mchumba wa mtu." Akanigeukia. "Na wewe. Rajabu hatangoja Idi. Ni Ijumaa ya tatu, tukihesabu na ya kesho, kabla Ramadhani haijaandama."

Akatoka kusimama mlango wa mbele, ahesabu madebe yakitoka.

Kwa hiyo tuliagana kwa madebe. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu, na kila aliporudi kuchukua jingine alipita mbele yangu, hatua nne, tano, na muda wa neno moja au mawili.

Debe la kwanza: "Usingesema."

La pili, nikamjibu: "Ungechapwa."

La tatu: "Ningepona."

La nne: "Mimi nisingepona."

La tano alipita bila kusema, akinitazama mpaka akajikwaa.

La sita: "Unamtaka huyo Rajabu?"

La saba: "Hakuna aliyeniuliza."

La nane: "Mimi nakuuliza."

Hilo nilikaa nalo akienda na kurudi. La tisa: "Simtaki. Nakutaka wewe. Na dini je, Nikodemo?"

La kumi: "Najua. Sina jibu lake leo, na sitaki kukudanganya."

La kumi na moja alilisimamisha kidogo, akijifanya analishika vizuri. "Nikirudi kutoka pwani sitaingia kwa ajili ya mimea. Nitagonga ule mlango wa mbele, mchana, nikamwombe baba yako neno langu."

"Nitakuwa Kilimatinde."

Akaenda. La kumi na mbili lilikuwa la kimti chenye tumbo, tupu. Alipopita aliweka kitu kwenye kidirisha cha chumba changu, haraka, bila kugeuza kichwa. Ni kile kipande kidogo cha shubiri tulichokiokoa, urefu wa kidole, kidonda chake kimepakwa majivu.

"Bwana nitamwambia hiki kimekufa," akasema. "Usikimwagie."

Mlango ukafungwa.

Kesho yake uani kulikuwa na alama kumi na mbili za madebe, udongo mweusi kidogo kuliko wa pembeni, na baada ya siku tatu vumbi likazifuta. Baba aliporudi stesheni siku ile alisema mambo mawili tu: kwamba Bwana amefoka lakini amekubali, na kwamba kijana ameondoka na gari, mzima wa mwili. Nilishukuru, nikaenda kulia. Baada ya hapo sikusemeshwa. Chakula kiliwekwa, vyombo vikaondolewa. Shangazi wakaja kunipaka liwa na kuniimbia, na mimi nilikaa nikapakwa. Kile kipande nilikiweka kwenye kigae kikavu chini ya kitanda. Kila siku nilikitazama na kila siku nilitamani kukipa japo tone. Kilikuwa kinanywea. Kilikunja ngozi kama uso wa bibi. Sikukimwagia.

Usiku wa kuamkia Ijumaa ya tatu bibi alikaa kitandani kwangu kunipa yale anayopewa mwali.

"Mwalimu atakuja nyuma ya pazia na mashahidi wawili, na baba yako. Atakuuliza umeridhia, mara tatu. Mwanamwali hasemi. Kunyamaza kwako ndiyo ridhaa. Wenzio wote walinyamaza. Mimi nilinyamaza."

"Ulitaka kunyamaza, bibi?"

Akafikiri. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

Walikuja baada ya sala ya Ijumaa. Nilisikia viatu vikivuliwa, nikasikia kikohozi cha mwalimu. Nilikuwa nimekaa kitandani, nimefunikwa leso mbili, kipande changu nimekishika kiganjani chini ya leso. Sikuwa nimekitazama tangu jana kwa pilikapilika.

"Jaha binti Seleman," mwalimu akasema nyuma ya pazia, "baba yako anataka kukuoza kwa Rajabu wa Kilimatinde. Umeridhia?"

Sikuweza kutoa sauti hata ningetaka. Nikasikia shahidi mmoja akisema "naam," kwa kuridhika.

"Jaha binti Seleman, umeridhia?"

Nilikuwa naminya kile kipande bila kujua, na kitu kikanitekenya kiganja, kidogo sana. Nikafunua leso nikatazama. Pale kwenye kidonda, katikati ya majivu, palikuwa na mizizi mitatu, myembamba kama uzi, myeupe. Kigae kilikuwa kikavu siku zote zile. Hakuna aliyekipa kitu.

"Jaha binti Seleman, nakuuliza mara ya tatu. Umeridhia?"

"Sikuridhia," nikasema.

Mwalimu akauliza, kwa upole wa mtu anayedhani masikio yake yamezeeka: "Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema sikuridhia, mwalimu. Na kule kunyamaza kwangu mara mbili msikuhesabu. Nilikuwa sijapata sauti."

Niliwangoja wanirukie. Hakuna aliyenirukia. Nilisikia pumzi ya baba. Baba alikuwa na uwezo wa kusema lolote pale, na wote nyuma ya pazia walikuwa wanalingoja neno lake.

"Mmesikia," akasema, sauti imechoka. "Mimi siozi mtu aliyekataa mbele ya mashahidi. Twendeni barazani, Rajabu naye aambiwe."

Wakatoka. Mlango wa chumba changu ukavutwa, na nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia tangu nizaliwe: komeo, kwa nje.

"Baba yako amesahau kwamba na mimi nimo," bibi akasema kutoka kona yake. Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Sikujua ni ya kicheko au ya nini. Kisha akainama, akavuta kitu kutoka nyuma ya sanduku lake la nguo. Kopo, limetobolewa chini kwa msumari, limejaa mchanga wa korongoni na kokoto.

"Lilikuwepo tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kijana aondoke. Macho yangu mabovu, lakini si kwa kila kitu. Panda, mke mwenzangu."

Nikachimba kwa kidole, nikakisimamisha, nikaifunika ile mizizi mitatu. Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja, upana wa kiganja, na jua la alasiri liliingilia hapo. Nikaliweka kopo kwenye hilo jua. Huko nje gari lilipiga kelele stesheni, na watu wakasikika wakikimbia kwenda kulitazama.

Ikafika saa ya sala. Bibi akatawadha kwenye karai, akalisogeza kwangu, maji ya udhu safi, yanameremeta.

"Nikimwagie kidogo?" akauliza. "Fundi ni wewe."

Nikachoma kidole kwenye mchanga mpaka kiungo cha pili. Palikuwa pakavu kabisa.

"Hapana, bibi," nikasema. "Tungoje."